Mtoto Anapochelewa: Namna ya Kutafuta Chanzo kwa Mume na Mke kwa Pamoja

Mwaka unapokatika baada ya ndoa bila dalili ya ujauzito, katika familia nyingi anayeanza kuhangaishwa ni mke. Wifi atamuuliza, mama mkwe atamtafutia dawa ya chango, shangazi atamwelekeza kwa mtu anayesafisha vizazi, na pengine miaka itapita akizunguka na vipimo vya kila aina kabla mume hajaombwa kutoa kipimo kimoja tu, ambacho hakiumi, huchukua muda mfupi, na kwa kawaida ni cha gharama ndogo kuliko vingi anavyopimwa mkewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa nia ya kuugeuza utaratibu huo. Unaeleza vyanzo vya kitabibu vinavyokutwa mara kwa mara kwa wanaume na wanawake wa Afrika Mashariki, jinsi kila kimoja kinavyotafutwa, na kwa mpangilio upi, ili fedha na muda visipotee.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la uzazi katika kipindi fulani cha maisha yake. Katika takribani nusu ya wenzi wenye tatizo hilo mwanamume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mwanamume kuwa na nguvu kamili za tendo la ndoa si ushahidi kwamba mbegu zake zipo na ni nzima, kwa kuwa sehemu kubwa ya majimaji yanayoonekana hutengenezwa na tezi nyingine, na mbegu zenyewe haziwezi kuonekana ila kwa darubini. Wala mtoto aliyepatikana miaka iliyopita, awe wa mume au wa mke, hatoshi kumwondoa mzazi wake katika uchunguzi, kwa maana mengi yanaweza kuharibika baada ya uzazi wa kwanza.

Muda wa kusubiri na siku za kukutana

Madaktari huanza uchunguzi baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Zaidi ya wenzi 80 katika kila 100 hupata ujauzito ndani ya mwaka huo, na karibu nusu ya waliobaki hupata katika mwaka wa pili. Kwa mwanamke aliyetimiza miaka 35 subira hiyo hupunguzwa hadi miezi 6, na kwa aliyevuka 40 hakuna sababu ya kusubiri hata kidogo. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili, na hayaongezeki tena. Yanapungua mwaka hadi mwaka, na yanayobaki ubora wake hushuka. Mwanamke mwenye afya wa miaka 30 ana nafasi ya takribani asilimia 20 ya kushika mimba kila mwezi, na anapofika 40 nafasi hiyo huwa karibu asilimia 5. Hakuna chakula wala dawa inayorudisha umri wa mayai, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba mwanamke wa miaka 36 asipewe ushauri wa kuvuta subira kama anavyopewa binti wa miaka 24.

Wapo pia wasiopaswa kusubiri mwaka uishe hata wakiwa vijana: mwanamke ambaye hedhi yake inapishana kwa miezi au imekatika, aliyewahi kutibiwa maambukizi ya via vya uzazi, aliyewahi kupata mimba iliyotunga nje ya kizazi au kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chini; na mwanamume ambaye korodani yake haikushuka utotoni, aliyewahi kuumia au kupasuliwa sehemu hizo, au yeyote kati yao aliyetibiwa saratani.

Jambo moja husahaulika wakati wa kuhesabu miezi. Mume ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, mchimbaji aliyeko machimboni, au mfanyakazi aliye Ghuba anayerudi nyumbani mara moja kwa mwaka, hajakaa na mkewe miezi 12 kwa maana ya kitabibu, hata kama ndoa ina miaka minne. Wenzi wa namna hii waanze kwa kupanga likizo iangukie siku zenye rutuba kabla ya kuingia gharama kubwa, ingawa kipimo cha mume hakina ubaya kufanywa mapema.

Siku hizo huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Yai huachiliwa takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, wala si siku 14 baada ya hedhi iliyopita kwa kila mwanamke. Mwenye mzunguko wa siku 28 ataachilia yai karibu na siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 ataliachilia karibu na siku ya 21, na akifuata hesabu ya jirani yake atakuwa anakosa kila mwezi. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, ilhali mbegu ya kiume inaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5; kwa hiyo siku zenye rutuba ni kama sita, yaani siku tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Katika siku hizo ute wa ukeni huwa mwepesi, unavutika na kung'aa mfano wa ute wa yai bichi. Wenzi wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu kwa mwezi mzima hawahitaji hesabu yoyote, na mara nyingi hiyo ndiyo njia inayowapunguzia mashaka. Mate na vilainishi vingi vya dukani hupunguza mwendo wa mbegu, basi viepukwe katika kipindi hiki.

Kuhusu uzazi wa mpango, hofu iliyoenea kwamba unaharibu kizazi haina msingi. Baada ya kuacha vidonge, kutoa vijiti au kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha: kwa wastani ujauzito hupatikana takribani miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo, lakini uwezo hurudi. Anayetaka mtoto mwakani aizingatie hesabu hii mapema.

Mume apimwe kwanza

Ninasema kwanza, au angalau siku ileile mke anapoanza, kwa sababu jibu la kipimo hiki linaweza kubadilisha kila hatua inayofuata. Mke hana haja ya kupigwa picha yenye maumivu ya mirija ya uzazi, inayopitisha yai kwenda kwenye kizazi, wala kumeza dawa za kupevusha mayai kwa miezi sita ikiwa shahawa za mumewe hazina mbegu hata moja.

Maandalizi ni rahisi lakini yafuatwe. Mume asitoe shahawa kwa njia yoyote kwa muda usiopungua siku 2 na usiozidi siku 7. Sampuli hutolewa kwa mkono, bila sabuni wala mafuta, katika chombo kisafi kinachotolewa na maabara, na yote iingie, hasa matone ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye mbegu nyingi. Ikimwagika aeleze, maana jibu litapotoka. Kondomu za kawaida zisitumike kukusanyia kwa sababu nyingi zina kemikali zinazodhuru mbegu. Ikiwa sampuli inatolewa nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imehifadhiwa karibu na mwili, isiwekwe kwenye friji wala juani. Mwanamume ambaye kwa imani au kwa haya hawezi kutoa kwa mkono amwambie daktari wazi, kwani zipo kondomu maalumu zisizo na kemikali ambazo zinaweza kutumika akiwa na mkewe.

Majibu yakija, wengi hushtuka bila sababu. Viwango vya chini vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, jumla ya mbegu milioni 39, asilimia 42 ya mbegu zikiwa zinatembea, asilimia 30 zikiwa zinasonga mbele, na asilimia 4 tu zikiwa na umbo la kawaida. Mwanamume anayeambiwa kuwa asilimia 95 ya mbegu zake zina umbo baya hana tofauti na wanaume wengi walio na watoto. Viwango hivi vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, wakachukuliwa walio chini kabisa katika kundi hilo; aliye chini ya hapo nafasi yake imepungua, haijafutika.

Jibu baya la mara moja lisichukuliwe kuwa hukumu. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuonekana katika kipimo cha leo, na kipimo hurudiwa baada ya takribani miezi mitatu. Ikiwa hakuna mbegu kabisa, marudio yafanywe mapema zaidi na mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume.

Miongoni mwa vyanzo, kinachokutwa zaidi ni varikosili, yaani kutanuka kwa mishipa ya damu iliyo juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Kwa watu wengi hujumuishwa katika kile kinachoitwa mshipa wa ngiri. Huonekana kwa karibu wanaume 15 katika kila 100 wote kwa jumla, na kwa zaidi ya thuluthi moja ya wanaume wanaochunguzwa kwa ajili ya uzazi. Damu inayotuama huongeza joto la korodani, na korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi kidogo kuliko mwili. Daktari huitambua kwa kumgusa mgonjwa akiwa amesimama, na upasuaji wake mdogo huboresha mbegu kwa wengi wenye varikosili kubwa na majibu mabaya. Mwenye varikosili ambaye mbegu zake ni nzuri hahitaji kupasuliwa kwa ajili ya uzazi. Katika pwani yetu yapo pia mabusha, ambayo yakiwa makubwa huipasha korodani joto na kuibana, nayo hutibiwa kwa upasuaji.

Maambukizi yanafuata. Kisonono na klamidia visipotibiwa hupanda hadi kwenye vijirija vinavyopitisha mbegu na kuviziba, na mwanamume akabaki na shahawa za kawaida kwa macho zisizo na mbegu. Matubwitubwi yanayompata kijana baada ya kubalehe yanaweza kushukia korodani na kuzisinyaza. Kwa wazazi wenye watoto wachanga wa kiume, hapa pana jambo la kufanya leo: korodani ambayo haijashuka mtoto anapofikisha miezi sita ionwe na daktari, kwa kuwa upasuaji wake unatakiwa ukamilike kabla ya mwaka mmoja na nusu, na kila mwaka unaozidi unaila nafasi yake ya uzazi ukubwani.

Kisukari kisichodhibitiwa huathiri usimamaji wa uume, na kinaweza kufanya shahawa zirudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Anayefika kileleni bila kutoa kitu, au kwa matone machache, apimwe mkojo baada ya tendo. Sigara, pombe nyingi, bangi, unene uliokithiri na joto la muda mrefu hupunguza mbegu pia, na baadhi ya viuatilifu vya mashambani vina madhara hayo. Lakini dawa inayonitia wasiwasi zaidi siku hizi ni homoni ya testosteroni na dawa za kujenga misuli zinazouzwa kwa vijana wa mazoezi. Ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje, huacha kuziamrisha korodani, na mbegu zinaweza kukoma kabisa. Mwanamume anayetafuta mtoto asikubali kuchomwa testosteroni kwa jina la kuongeza nguvu. Aliyekwisha kuitumia aseme ukweli kwa daktari, maana kwa wengi hali hurejea baada ya kuacha, ingawa huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Mke: je, yai linapevuka?

Swali la kwanza hujibiwa kwa kalenda kabla ya maabara. Mwanamke anayepata hedhi kila baada ya siku 21 hadi 35, kwa mpangilio unaotabirika, karibu hakika anapevusha mayai. Aandike tarehe za miezi mitatu au minne kabla ya kwenda kliniki, kwani daftari hilo litamwokolea vipimo kadhaa. Anayetaka uthibitisho hupimwa projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, siku saba kabla ya hedhi anayoitarajia. Wengi hupimwa siku ya 21 bila kuulizwa urefu wa mzunguko wao, na mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku hiyo ataambiwa hapevushi yai ilhali analiachilia siku hiyohiyo.

Hedhi zikiwa za kupishana, chanzo kinachokutwa zaidi ni hali ya ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai, kuwa na vifuko vingi, inayofahamika kwa herufi PCOS. Mwenye hali hii huweza kukaa miezi bila hedhi, akaota nywele kidevuni au kifuani, akawa na chunusi sugu, na mara nyingi uzito wake hupanda, ingawa wapo wembamba pia. Picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kuithibitisha, kwa maana wanawake wengi vijana wasio na tatizo huonekana na vifuko hivyo. Tiba yake ni ya kutia moyo: kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi, na kidonge cha letrozoli, kinachomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, ndicho kinachopendekezwa kwanza kwa kupevusha yai.

Tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, huvuruga hedhi kwa mwanamke na mbegu kwa mwanamume, na hupimwa kwa damu. Homoni ya prolaktini, ile inayoleta maziwa, ikipanda nje ya kunyonyesha huzuia yai. Mwanamke asiyenyonyesha anayetokwa na maziwa aipime, huku akimtajia daktari dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kutuliza kichefuchefu huipandisha. Msongo mkubwa wa mawazo, kukonda kupita kiasi na mazoezi makali pia huzima hedhi. Wachache hupoteza uwezo wa ovari kabla ya miaka 40. Hawa hujulikana kwa homoni ya FSH, inayoziamrisha ovari, kuwa juu katika vipimo viwili, na waelezwe kwa upole na kwa ukweli.

Mirija, mahali palipo na tatizo kubwa kwetu

Uchunguzi wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika kati ya mwaka 1979 na 1984, ulionyesha kwamba katika vituo vya Afrika walikoshiriki wanawake wenye tatizo la uzazi, wengi mno walikuwa na kasoro iliyotokana na maambukizi, ilhali kwa dunia nzima walikuwa takribani thuluthi moja. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya huzuni hii ingeweza kuzuiwa.

Njia za maambukizi hayo ni chache na zinajulikana. Kisonono na klamidia huanzia kwenye shingo ya kizazi, na visipotibiwa hupanda hadi kwenye mirija. Klamidia hasa hupanda kimyakimya, kwani wanawake wengi wenye nayo hawana uchafu, hawana maumivu, na hugundua miaka kumi baadaye mirija ilipokwisha kuziba. Maambukizi baada ya kujifungua, na baada ya mimba iliyotolewa au kuharibika bila huduma salama, hufanya kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Lund, Sweden, na kuchapishwa mwaka 1992, ulikuta kwamba baada ya kuugua maambukizi ya kizazi na mirija, yanayoitwa PID, mara moja wanawake 8 katika kila 100 walibaki na mirija isiyofaa. Baada ya mara mbili walikuwa karibu 20, na baada ya mara tatu au zaidi walikuwa 40. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini maumivu ya chini ya kitovu yanayoambatana na homa, uchafu wenye harufu au maumivu wakati wa tendo yatibiwe siku hiyohiyo, dozi imalizike, na mume atibiwe pamoja. Mke akitibiwa peke yake atarudishiwa ugonjwa usiku wa kwanza.

Kifua kikuu nacho hushukia mirija na utando wa kizazi, na anayekipata humo anaweza asikohoe kamwe. Vivyo hivyo kichocho cha mkojo, kinachopatikana Unguja na Pemba na katika maeneo ya mabwawa na mashamba ya mpunga ya Kanda ya Ziwa, hutaga mayai kwenye shingo ya kizazi na mirija. Mwanamke aliyekulia maeneo hayo na anayetokwa na damu baada ya tendo amkumbushe daktari kuhusu kichocho, kwa sababu mara nyingi dalili zake huchukuliwa kuwa za magonjwa ya zinaa na hutibiwa kwa dawa zisizohusika.

Mirija hupimwa kwa picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ya rangi ikiingizwa kupitia shingo ya kizazi. Hospitali nyingi huita HSG. Ifanywe baada ya damu ya hedhi kukatika na kabla ya yai kutoka, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 11, ili isije ikapigwa juu ya ujauzito mchanga. Huleta maumivu kama ya hedhi kali kwa dakika chache, na kidonge cha kutuliza maumivu kinachomezwa saa moja kabla husaidia. Mwenye maambukizi ya wakati huo aahirishe hadi atibiwe. Ikumbukwe pia kwamba mrija unaweza kubana kwa mshtuko ukaonekana umeziba kumbe uko wazi, hasa pale karibu na kizazi, hivyo jibu la namna hiyo linahitaji kuthibitishwa kabla ya mtu kuambiwa kwamba hana mirija.

Endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa kizazi huota nje yake, hukadiriwa kuwapata mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa uzazi. Hedhi inayomlaza binti kitandani kila mwezi, akikosa shule au kazi, si ya kuambiwa kuwa ni chango atakalopona akizaa. Ugonjwa huu hugandisha ovari na mirija, na mara nyingi huhitaji upasuaji wa matundu madogo ili kuutambua kwa hakika na kuutibu.

Kizazi chenyewe

Faibroidi, yaani uvimbe usio saratani unaoota kwenye kizazi, ni nyingi mno kwa wanawake weusi, na kwa sababu hiyo hulaumiwa kupita kiasi. Zilizo nje ya ukuta wa kizazi aghalabu hazizuii mimba. Zile zilizochomoza ndani, mahali mimba inapojishika, ndizo zinazozuia au kuiharibu, na kuziondoa kunasaidia. Kabla ya kukubali upasuaji, muulize daktari faibroidi iko wapi na inagusa nafasi ya ndani kiasi gani, kwa sababu upasuaji usio wa lazima nao huacha makovu. Mwanamke ambaye hedhi yake ilipungua sana au kukatika baada ya kusafishwa kizazi hospitalini achunguzwe kama kuta za kizazi zimegandana. Hali hiyo hutibika kwa kamera ndogo inayopitishwa ukeni.

Mambo ya kuacha

Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa, na kuingiza vifurushi vya mitishamba vinavyotangazwa kwamba vinavuta uchafu wa kizazi, huua bakteria wanaoulinda uke na kufungulia maambukizi mlango. Kinachotoka baada ya kuviingiza ni ute na ngozi iliyochomeka. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuingiza inayozibua mirija iliyoziba kwa makovu. Vidonge vya kupevusha mayai visinunuliwe dukani bila vipimo, kwani havimfai mwenye mirija iliyoziba, huongeza uwezekano wa mapacha, na mara chache huvimbisha ovari kwa hatari. Kwa upande mwingine, kidonge cha foliki asidi cha mikrogramu 400 kila siku kianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, maana humkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo.

Baada ya majibu

Wenzi waingie wote wawili kwa daktari kusikiliza majibu, kwa kuwa habari inayobebwa na mmoja hadi nyumbani hubadilika njiani. Wanaoishi na VVU wazungumze na kliniki yao ya tiba na matunzo mapema. Mwenye virusi visivyoonekana kwenye kipimo kwa sababu ya dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na anaweza kupanga uzazi salama.

Yai likiwa halipevuki, tiba ni vidonge. Mbegu zikiwa pungufu kidogo na mirija ikiwa wazi, shahawa zinaweza kuandaliwa maabara na kuwekwa moja kwa moja kwenye kizazi siku yai linapotoka. Mirija yote miwili ikiwa imeharibika, njia iliyo na matumaini zaidi kwa wengi ni upandikizaji wa mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kwenye kizazi, ambao kwa hakika ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo: Louise Brown, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo, Oldham, Uingereza, Julai 1978, mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Kwa wanaume wenye mbegu chache sana, au ambao mbegu zao hutolewa kwenye korodani kwa sindano, mbegu moja huchomwa ndani ya yai moja. Huduma hizi zinapatikana Afrika Mashariki, lakini ni ghali. Kabla ya kulipa, uliza kituo kina watoto wangapi waliozaliwa hai kwa kila mizunguko 100 iliyoanzwa kwa wanawake wa umri wa mke, si vipimo vingapi vya mimba vilivyosoma chanya. Uliza gharama ya dawa kama imo katika bei. Na uliza bima yenu inagharimia sehemu ipi ya uchunguzi. Mrija uliovimba na kujaa maji hutolewa au kufungwa kabla ya kupandikiza, kwa kuwa majimaji yake huipunguzia mimba nafasi ya kujishika.

Na kipimo cha mimba kikisoma chanya kwa mwanamke aliyewahi kuugua mirija, asingoje kliniki ya kawaida ya wajawazito. Afanyiwe ultrasaundi katika wiki ya sita au ya saba kuhakikisha mimba imetunga ndani ya kizazi, kwa maana mrija wenye kovu unaweza kuishikilia njiani. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo la chini, damu kidogo ukeni, kizunguzungu au maumivu yanayopanda begani katika wiki hizo ni dharura. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.